Faili na Mzigo Uliolizidi

Mtafiti wa sayansi aliyeiacha kompyuta yake ikokotoe usiku kucha, na asubuhi akakuta faili limekwisha andikwa, lina jina alilolipa na saa ya alfajiri ile, aghalabu huifunga programu kwa moyo mkunjufu, asijue kwamba ndani ya faili lile jedwali kubwa kuliko yote, ambalo ndilo lililokuwa shabaha ya kazi nzima, halimo. Dhara la faili pungufu kama hilo hupita dhara la hitilafu inayoisimamisha kazi hadharani, kwa kuwa hitilafu ya hadharani humlazimu mtu kutafuta dawa papo hapo, ilhali faili pungufu humtuliza mpaka siku atakapolihitaji, na siku hiyo hesabu zenyewe zimekwisha futika katika kumbukumbu ya mashine.

Mfano ulio dhahiri ni wa MATLAB, lugha ya kompyuta ambayo Cleve Moler aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1970 katika Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, ili wanafunzi wake wapate kufanya hesabu za majedwali ya namba bila ya kujifunza kwanza kuandika Fortran, na ambayo leo wahandisi, wanafizikia na wachunguzi wa ubongo huitumia katika nchi nyingi. Amri yake ya kuhifadhi, iitwayo save, kwa kawaida huandika faili la mtindo wa toleo la 7, na mtindo huo haukubali kitu kimoja kinachozidi gigabaiti 2. Kikija kitu cha ukubwa huo, programu haisimami. Hutoa onyo la maneno machache, hukiruka kitu chenyewe, huviandika vilivyosalia, kisha huendelea na kazi. Onyo hilo likitokea saa nane za usiku, katikati ya mamia ya mistari mingine, ni nani wa kulisoma?

Wengi hukimbilia kuilaumu diski, nayo ina nafasi tele. Sababu imo katika namna urefu wa kitu unavyoandikwa. Kabla ya data yenyewe, faili hutanguliza namba inayosema ni baiti ngapi zinazofuata, na wabunifu wa zamani waliitengea namba hiyo biti 32 tu, katika zama ambazo gigabaiti 2 zilikuwa kiasi cha kuota. Biti 32, moja yao ikishikwa na alama ya chanya au hasi, hufika 2,147,483,647 wala hazipiti. Hali ya namba hiyo ni kama ya karani aliyepewa daftari lenye nafasi ya tarakimu tatu, ambaye ghala likijaa magunia elfu hana pa kuiandika elfu hiyo. Namba moja ya desimali katika MATLAB huchukua baiti 8, kwa hiyo jedwali la mistari 16,384 na safu 16,384 hutimiza gigabaiti 2 barabara. Kadhalika picha 1,024 za hadubini, kila moja nukta 1,024 kwa 1,024 na baiti 2 kwa nukta, hufika kiasi hicho hicho, na hadubini za siku hizi hutoa picha kama hizo kwa muda mfupi mno.

Dawa ilipatikana mwaka 2006, nayo ni kuongeza -v7.3 katika amri hiyo, faili likaandikwa kwa msingi wa HDF5, mtindo uliozaliwa katika kituo cha kompyuta kubwa cha Chuo Kikuu cha Illinois na kutolewa mwaka 1998 kwa ajili ya data nyingi za sayansi. Mpaka wa gigabaiti 2 huondoka, na zaidi ya hayo mtu huweza kusoma au kuandika sehemu ya jedwali bila ya kulipakia lote katika kumbukumbu. Hata hivyo dawa hii ina taksiri yake. Data ikiwa imetawanyika katika vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kila kipande hupewa maelezo yake ndani ya faili, faili likavimba, na kuandika kukachukua muda mrefu hata mtu akadhani kompyuta imeganda, akaikatiza kazi na kubaki na faili lisilofunguka. Rai yangu ni kwamba vipande hivyo viunganishwe kwanza kuwa jedwali moja la namba, maana vipimo vya sayansi aghalabu vina umbo la mstatili, na ni mwandishi wa programu aliyevitawanya kwa wepesi wa siku ile.

Mipaka ya namna hii haimo katika MATLAB peke yake. Python, lugha nyingine ya kompyuta, nayo ina chombo cha kuhifadhi kiitwacho pickle, ambacho mitindo yake ya zamani ilikomea gigabaiti 4 kwa kitu kimoja. Python 3.4 ya mwaka 2014 ilileta mtindo wa nne unaouvuka mpaka huo, lakini haukufanywa wa kawaida hadi toleo la 3.8 la mwaka 2019, kwa hiyo programu nyingi zilizoandikwa katikati ya miaka hiyo bila ya kuutaja mtindo ziliendelea kugonga ukuta uliokwisha bomolewa. Hata diski zina mipaka ya namna hii: flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga faili, hata ikiwa na gigabaiti 64 tupu, haipokei faili moja la gigabaiti 5.

Basi anayetafuta chanzo cha tatizo na aanze kwa kupima ukubwa wa kila kitu kilichomo katika kumbukumbu, jambo ambalo MATLAB hulifanya kwa amri ya whos, aulinganishe na mpaka wa mtindo, na mpaka wa diski, na kiasi alichoruhusiwa katika kompyuta ya taasisi. Faili na liandikwe kwanza kwa jina la muda, lifunguliwe, lilinganishwe na asili yake, ndipo lipewe jina la kudumu, ili kazi ikikatika lile la jana lisalimike. Katika kulinganisha kuna mtego mmoja: vipimo vilivyokosekana huandikwa NaN, nayo kwa kanuni za hesabu za kompyuta hailingani hata na nafsi yake, hivyo ulinganisho wa kawaida utasema majedwali yanahitilafiana hali ni mamoja; ndiyo maana MATLAB ina amri ya isequaln kwa shughuli hiyo.

Nawasihi walimu wa vyuo wanaofundisha programu za sayansi waliweke somo la kuhifadhi sambamba na la kukokotoa, na wasimpe mwanafunzi alama za kazi yake mpaka faili lake limefunguliwa katika kompyuta nyingine na kukutwa limetimia.