Ajali ya Nyuklia: Nani Huarifiwa, na Lini?

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi mmoja wa kituo cha umeme wa nyuklia cha Forsmark, nchini Uswidi, alipita mbele ya chombo cha kupimia mionzi, na king'ora kikalia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi lenye mionzi. Wakuu wa kituo walidhani kwamba kinu chao kinavuja, kumbe vumbi hilo lilikuwa limeletwa na upepo kutoka Chernobyl, katika Ukraine, umbali wa zaidi ya kilometa 1,000. Huko, kinu namba 4 kilikuwa kimelipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26. Serikali ya Kisovieti ilitoa tangazo fupi jioni ya tarehe 28, baada ya Waswidi kuuliza.

Msomaji ataona labda kwamba siku mbili si kitu. Tutazame iodini-131, mojawapo ya dutu zilizotoka katika kinu kile. Tezi ya koo huhitaji iodini, wala haiwezi kubagua kati ya iodini ya kawaida na hii yenye mionzi. Vumbi huanguka juu ya majani, ng'ombe huyala, na mtoto hunywa maziwa. Kidonge cha iodini ya kawaida huijaza tezi ikakosa nafasi ya kupokea ile nyingine, lakini hapana budi kimezwe kabla ya mionzi kufika, au saa chache tu baadaye. Tena iodini-131 hupungua kwa nusu kila siku 8: baada ya siku 16 hubaki robo. Kwa hiyo hatari yake kubwa ni ya majuma ya mwanzo, na onyo linalokuja baada ya hapo halimfai mtu. Maelfu ya watu waliokuwa watoto wakati ule katika Ukraine, Belarus na Urusi walipata saratani ya tezi, na sehemu kubwa yake hunasibishwa na maziwa.

Wakati huo hapakuwa na mkataba wa dunia nzima uliolazimisha nchi kutoa habari. Ulipatikana Vienna tarehe 26 Septemba 1986, miezi mitano kamili baada ya mlipuko. Wepesi wa namna hiyo ni nadra katika mambo ya mataifa. Nchi yenye ajali inayoweza kuvuka mipaka hutakiwa kuziarifu mara moja nchi zilizo hatarini, moja kwa moja au kwa kupitia Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Hueleza mahali, saa, aina ya dutu na kiasi chake, hata hali ya hewa, maana bila kuujua upepo jirani hawezi kukisia wingu litaelekea wapi. Ajali za silaha za nyuklia zimeachwa kwenye hiari.

Mkataba, hata hivyo, hauna askari. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2017, vituo vingi vya Ulaya vilinasa rutheni-106 hewani. Kiasi chake huko hakikuwa cha kudhuru afya. Wataalamu wa Ufaransa walikokotoa njia ya upepo kinyumenyume, wakaona kwamba yaelekea ilitoka kati ya mto Volga na milima ya Ural. Urusi ilikanusha, wala hakuna nchi nyingine iliyokiri.