Majibu ya Choo Huanzia Nyumbani

Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ndiko alikofika Daktari Adrian Atiman mwaka 1889, akatibu wagonjwa mpaka alipofariki mwaka 1956. Lakini daktari, hata awe hodari namna gani, hawezi kuona kilichomo tumboni mwa mtoto. Humtegemea mpimaji wa maabara, na mpimaji naye hutegemea kile kidogo alicholetewa.

Huko Mpanda na mkoani Katavi kote, vijiji vingi viko mbali na maabara. Mama hufunga choo cha mtoto katika jani, au hukitia katika kasha la kiberiti, akashika njia jua likiwaka. Akifika na kupimiwa huambiwa, "Hakuna kilichoonekana." Hurudi kwa furaha, kumbe mtoto anazidi kukonda. Je, mpimaji amekosa? Huenda sivyo. Amepima alicholetewa.

Tufahamu sababu. Amiba wa kuhara damu hutambuliwa wakiwa hai, wakitambaa chini ya darubini ya maabara. Wakiisha kutoka mwilini hufa upesi, wala hawatambulikani tena. Kwa hiyo choo cha majimaji kipimwe kabla ya nusu saa kupita, na choo laini kabla ya saa moja. Choo kigumu chaweza kungoja zaidi, maana humo amiba hujifunga katika maganda. Lakini kisilale: mayai ya safura yakikaa katika joto siku nzima huweza kuanguliwa, na vijinyoo vyake hufanana na vya mnyoo wa namna nyingine.

Tena, kwa minyoo na kichocho cha tumbo kiko kipimo kiitwacho Kato-Katz. Choo huchujwa, kikajazwa katika kitundu kichukuacho miligramu 41.7 tu. Mayai huhesabiwa, na hesabu huzidishwa kwa 24, ikapatikana idadi katika gramu moja. Choo cha kuhara hakifai kwa kipimo hiki, kwani hakishikamani katika kitundu. Hata choo kizuri chaweza kuficha ugonjwa, kwa kuwa mayai ya kichocho hayatoki sawasawa kila siku. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kuambiwa alete choo cha siku ya pili na ya tatu. Asidhani anasumbuliwa bure.

Basi, wazazi, yafaa tufanye hivi. Tuombe kopo safi, kavu, lenye kifuniko. Mtoto akojoe kwanza, maana mkojo huua amiba. Choo kisiokotwe chini wala kisichotwe shimoni, kwa sababu udongo na maji vina vijidudu vyake. Kiasi cha ncha ya kidole gumba chatosha. Penye damu au makamasi pasiachwe. Kopo liandikwe jina na saa, kisha tunawe mikono kwa sabuni. Kama mtoto amekwisha kunywa dawa yoyote, ya dukani au ya miti, tuseme bila kuficha, maana dawa nyingine huficha vijidudu.

Na anayekaa mbali, hasa mwenye kuhara, ampeleke mgonjwa mwenyewe, atoe choo huko huko. Akiambiwa hakuna kitu, na ugonjwa ukaendelea, asikate tamaa: arudi aombe kupimwa tena.