Kitanda majini, fedha nchi kavu: Nani anafaidi mbizi za Unguja?

SOKO la wageni wanaokuja Unguja kupiga mbizi lina bidhaa moja ambayo mfanyabiashara wa Mji Mkongwe huiona kwa mbali tu. Ni chombo kinacholala baharini. Mgeni hupanda bandarini na mkoba wake, hupewa kitanda humo humo, hula humo humo, huzama mara tatu kwa siku na kila asubuhi huamkia penye mwamba mwingine. Kwake ni raha tupu. Kwa mwenye gesti wa Hurumzi, dereva wa teksi wa Darajani na mchoma mishikaki wa Forodhani, huyo ni mteja aliyepita mlangoni bila kuingia.

Kwa hiyo maswali ya kibiashara ni mawili. Chombo hicho kinaiachia nini Unguja? Na mwamba unaouzwa, ambao hauna hati wala mlango, unatunzwa kwa gharama ya nani?

BIDHAA YENYEWE

Chombo kikiondoka bandari ya Malindi hukuta soko la kwanza mlangoni: mafungu ya Pange, Bawe na Murogo. Maji hapo ni ya kina cha wastani na yamekingwa, hivyo ndipo wanapoanzia wanafunzi. Karibu na hapo yapo mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza nyaya za simu iliyozama mwaka 1902. Chuma chake sasa ni nyumba ya samaki.

Kusini kipo kisiwa cha Chumbe, kisha Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kaskazini chombo hupita Tumbatu na Nungwi, hufika fungu la Leven lenye mikondo mikali, na huzungukia Mnemba, iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 2002. Hapo ndipo wapiga mbizi wanapotaja majina ya Kichwani na Wattabomi kama wafanyabiashara wanavyotaja bei ya karafuu. Chombo chenye uwezo huvuka hadi Pemba, ambako kuta za matumbawe hushuka kwenye mkondo wa kina kikubwa. Eneo la mkondo huo nalo liliwekwa katika hifadhi mwaka 2005.

Msomaji asichanganye mambo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, iko chini ya sheria ya Bara ya mwaka 1994. Maeneo ya Unguja na Pemba yanasimamiwa na Zanzibar kwa sheria zake. Mwenye chombo anayetaka kuunganisha Mafia na Mnemba katika safari moja hana budi kushughulikia mamlaka mbili.

HESABU YA VITANDA

Tuchukue mfano mdogo. Chombo kina wageni 10 kwa usiku saba. Hizo ni siku-kitanda 70 ambazo hoteli za nchi kavu hazikuuza. Milo mitatu kwa siku ni sahani 210, bila kuhesabu mabaharia.

Wakizama mara tatu kwa siku kwa siku sita, inahitajika mitungi 180. Mtungi wa kawaida wa lita 12, ukijazwa hadi shinikizo la bar 200, hubeba lita 2,400 za hewa. Safari nzima ni lita 432,000. Hewa ya bahari ni bure, lakini kuisindilia kwenye mtungi si bure: kunahitaji kompresa, vichujio safi, fundi anayeijua kazi yake, na dizeli.

Hapa ndipo fedha inapogawanyika. Mara nyingi safari hulipiwa ughaibuni, kwa wakala, kabla mgeni hajafunga mkoba. Kinachofika Unguja ni kile ambacho chombo chenyewe kinanunua. Chombo kinachochukua nanasi, ndizi na mboga Darajani na Mwanakwerekwe, samaki Malindi, barafu, maji na mafuta hapa hapa, kikaajiri mabaharia na waongozaji wazaliwa wa visiwani, kinaacha fungu la maana. Kinachojaza stoo yake bandari nyingine kinaacha ada na mawimbi.

SAA 18 ZA MJI MKONGWE

Ipo fursa ambayo wengi mjini hawajaipigia hesabu. Haikuletwa na tangazo lolote bali na mwili wa binadamu.

Mtu akiwa mita 10 chini ya maji, shinikizo ni mara mbili ya lile la juu; akiwa mita 30 ni mara nne. Katika hali hiyo gesi ya naitrojeni iliyomo katika hewa anayovuta huingia kwa wingi kwenye damu na nyama za mwili. Akipanda ndege kabla haijatoka, shinikizo dogo la angani laweza kuifanya itoe mapovu mwilini, na mapovu hayo huweza kupoozesha au kuua. Ndiyo maana mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, DAN, unashauri aliyezama siku kadhaa mfululizo akae angalau saa 18 kabla ya kuruka. Wapo wanaosubiri saa 24.

Sasa tuhesabu. Mgeni akitoka majini mara ya mwisho saa 5 asubuhi, saa 18 zinaisha saa 11 alfajiri ya siku ya pili. Ndege ya jioni imeshampita. Wakati huo chombo kinataka kufuliwa mashuka na kupokea kundi jipya. Mgeni anahitaji kitanda, chakula cha usiku na jambo la kufanya kwa mchana mzima, naye yuko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Gizenga, Ngome Kongwe na Forodhani.

Katika mfano wetu, usiku huo mmoja ukilalwa nchi kavu unarudisha siku-kitanda 10 kati ya zile 70. Si nyingi, lakini ni mteja wa hakika, ambaye hata akitaka kuondoka hashauriwi kuondoka. Mwenye gesti atakayekwenda kwa wenye vyombo na kuwauzia usiku huo mapema, pamoja na pahali pa kuanikia nguo za kuzamia na kusuuza vifaa kwa maji baridi, atawapata kabla jirani yake hajaamka.

MTAJI NI MWAMBA

Katika biashara, anayekula mtaji akidhani ni faida hufilisika huku akicheka. Mtaji wa soko hili ni matumbawe, nayo hukua taratibu mno. Nanga moja iliyotupwa vibaya huvunja kwa dakika kile kilichojengwa kwa miongo. Boya la kudumu la kufungia chombo ni gharama ndogo likilinganishwa na hasara hiyo, lakini kila mwenye chombo hungoja mwenzake alitie.

Mfano wa kulipia utunzaji upo karibu. Chumbe ilitangazwa hifadhi mwaka 1994, ikaendeshwa na kampuni binafsi. Waliokuwa wavuvi walifunzwa kazi ya ulinzi, na wageni wa nyumba zake saba huchangia gharama. Ajabu ni kwamba ndani ya hifadhi hiyo mgeni haruhusiwi kuzama na mtungi. Huogelea juu kwa miwani na bomba la kupumulia. Chombo cha wapiga mbizi hakina cha kuuza hapo, hata hivyo kinafaidika, kwa sababu samaki wanaozaliana mahali pasipovuliwa hawakai wakasubiri mpaka wa serikali. Hutoka.

Lakini ulinzi hauzuii joto. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe yalipauka pwani yote, na Mafia ilipoteza mengi. Yaliathirika tena mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza mpauko mwingine wa dunia nzima. Mwamba uliokwisha vunjwa kwa nanga na baruti hauna akiba ya kurudia hali yake baada ya pigo kama hilo.

MGENI NA MVUVI

Mwenye hasara ya kwanza hifadhi inapotangazwa ni mvuvi, aliyekuwapo kabla ya boya na kabla ya ada. Akiambiwa asivue penye mwamba ili mgeni atazame, ana haki ya kuuliza fungu lake liko wapi. Sehemu ya ada inapofika kijijini kwa uwazi, mvuvi huwa mlinzi. Isipofika, hurudi usiku.

Kalenda yenyewe inatoa nafasi ya kuelewana. Mpiga mbizi hupenda maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Akina mama wanaotafuta pweza hungoja bamvua, mwamba unapokauka. Wote wawili wanaweza kuutumia mwamba mmoja bila kukutana, mradi mmoja asimharibie mwenzake. Vijiji kadhaa vya Unguja na Pemba vimejaribu kufunga mwamba wa pweza kwa miezi michache, kisha kuufungua pweza wakiwa wakubwa na wazito. Huko nako ni kuweka akiba.

MWELEKEO WA SOKO

Masika huchafua maji na kufunga hoteli. Kusi huvuruga upande wa mashariki, ila upande wa Mji Mkongwe hubaki na kivuli. Wakati wa maleleji na mwanzo wa kaskazi, maji huwa safi na vitabu vya maagizo hujaa.

Ushauri wa ukurasa huu ni kwamba mwenye chombo anunue hapa na afunge kwenye boya, na mwenye gesti auze ule usiku wa mwisho. Msimamizi wa hifadhi naye abandike kijijini, mahali pa wazi, hesabu ya ada iliyokusanywa na iliyotumika. Soko la Darajani hujua bei ya kila fungu la samaki kabla ya adhuhuri. Kijiji chenye mwamba nacho kijue mwamba wake umeuzwa kwa kiasi gani.