Matukio Huru na Chanjo ya Malaria Korogwe

Mvua ikinyesha Korogwe, mkulima aliyeko Handeni hawezi kuipuuza habari hiyo. Wilaya hizo mbili za Mkoa wa Tanga zinapakana na hupata vuli na masika zilezile, hivyo mvua ya huku huongeza uwezekano wa mvua ya kule. Lakini sarafu ikirushwa Handeni, mvua ya Korogwe haiibadilishi hata kidogo. Hiyo ndiyo maana ya matukio huru: tukio M ni huru na tukio C iwapo kujua kuwa C limetokea hakubadilishi uwezekano wa M. Kwa alama, U(M|C) = U(M), ambapo U(M|C) ni uwezekano wa M kwa sharti kwamba C limetokea. (Wanafunzi wengi huyachanganya matukio huru na matukio yasiyoweza kutokea pamoja. Haya ya pili hayana uhuru wowote: moja likitokea, uwezekano wa jingine huwa sifuri.)

Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, lililofanywa Korogwe na Kilifi, Kenya, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17. Waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipewa chanjo hiyo, jingine chanjo ya kichaa cha mbwa. Kati ya watoto 809 waliofuata taratibu zote, 402 walikuwa wa kundi la kwanza na 407 wa kundi la pili. Walioonekana na ugonjwa wa malaria walikuwa 32 katika kundi la kwanza na 66 katika la pili.

M ikiwa ni kuugua malaria na C kupata RTS,S, basi U(M) = 98/809, yaani 0.121, lakini U(M|C) = 32/402, yaani 0.080. Nambari hizi hazilingani. Je, hilo latosha? Halitoshi, kwa sababu hata matukio yaliyo huru hayatoi hesabu zinazolingana kabisa katika sampuli. Kama chanjo isingekuwa na athari, wagonjwa waliotazamiwa katika kundi la kwanza wangekuwa 402 × 98/809, karibu 49. Bahati ya mgawanyo huweza kuisogeza idadi hiyo kwa watoto 5 hivi, juu au chini. Upungufu wa 17 ni zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho, na bahati tupu huuleta chini ya mara moja katika elfu.

Bahati nasibu katika kugawa ndiyo iliyoipa hesabu hii nguvu. Kama RTS,S ingalipewa zaidi watoto wa tambarare, na chanjo nyingine zaidi watoto wa milima ya Usambara, M na C yangaliweza kutegemeana bila chanjo kufanya lolote, kwani baridi ya milimani huchelewesha ukuaji wa vijidudu vya malaria ndani ya mbu. Chanjo njema ingeweza hata kuonekana yadhuru! Data za namna hiyo hazina budi kulinganishwa ndani ya kila mahali peke yake.

Uwezo wa chanjo ulikadiriwa kuwa asilimia 53 katika kipindi cha wastani wa miezi 8 hivi. Korogwe ilikuwa tena miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa zaidi lililoanza mwaka 2009, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza RTS,S itumiwe kwa watoto.