Kwa Nini Dawa za Saratani Hutapisha?

Mtu akila chakula chenye sumu, mwili wake hujaribu kukitoa upesi kwa njia ya kutapika. Tendo hilo huchukiza, lakini ni kinga ya uhai. Kwa mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa dawa za kemikali, kinga hiyo hugeuka kuwa adha, kwani mwili huihesabu dawa kuwa sumu. Wapo wagonjwa waachao matibabu kabla hayajakamilika kwa kuogopa kutapika, na hivyo huhatarisha maisha yao.

Dawa hizo huua seli zinazogawanyika upesi, zikiwemo za saratani. Lakini huathiri pia ukuta wa ndani wa utumbo. Humo, seli fulani hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo hunasa katika vipokezi vilivyo kwenye ncha za neva ya vagasi. Neva hiyo hupeleka habari hadi shina la ubongo, na hapo amri ya kutapika hutolewa.

Dawa hazilingani kwa nguvu ya kutapisha. Sisplatini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1978, huwatapisha zaidi ya wagonjwa 90 katika kila 100 wasipopewa kinga. Vinkristini huwatapisha wasiofika 10.

Kutapika kwenyewe kuna vipindi viwili. Cha kwanza ni cha saa 24 za mwanzo, na husababishwa zaidi na serotonini. Cha pili hufuata baada ya hapo na huweza kuendelea hadi siku ya tano. Kisababishi chake kikuu ni kemikali nyingine iitwayo dutu P, itendayo kazi ndani ya ubongo. Ndiyo maana, kwa dawa kali, kinga moja haitoshi. Ondansetroni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, huziba vipokezi vya serotonini. Aprepitanti, ya mwaka 2003, huziba vile vya dutu P. Deksamethasoni huzisaidia zote mbili, na olanzapini, iliyotengenezwa kwa ajili ya maradhi ya akili, hupunguza kichefuchefu.

Jambo kubwa ni wakati. Vipokezi hunabudi kuzibwa kabla kemikali hazijavifikia. Kwa hiyo dawa za kinga hutolewa kabla ya dawa ya saratani, na zile za kumezwa nyumbani humalizwa kama daktari alivyoagiza, hata mgonjwa akijiona mzima.

Kuna sababu nyingine ya kutochelewa. Pavlov alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio kabla ya chakula hutokwa na mate kwa kusikia mlio peke yake. Vivyo hivyo, mgonjwa aliyetapika sana mara ya kwanza huweza kupata kichefuchefu kwa kunusa tu harufu ya hospitali. Asipotapika mara ya kwanza, ubongo hauna la kujifunza.

Nyumbani, inafaa mgonjwa ale kidogo kidogo mara nyingi, aepuke mafuta mengi na harufu kali, na anywe maji taratibu. Akishindwa kabisa kubakiza maji tumboni, akipata kizunguzungu au mkojo ukipungua, arudishwe hospitali bila kukawia, kwa maana upungufu wa maji hudhuru figo. Kutapika si udhaifu wa moyo wala si gharama ambayo mgonjwa hana budi kuilipa ili apone. Ni tendo la mwili lenye sababu zijulikanazo, na zaidi ya yote, lenye kuzuilika.