Kupiga Kambi Peke Yako Hell's Gate: Haki na Tahadhari za Mwendesha Baiskeli

Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na mji wa Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache nchini Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli kati ya pundamilia, twiga na nyati. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 hivi. Kwa kuwa haiko mbali na Nairobi, mtu huweza kuondoka mjini asubuhi na hema lake mgongoni, akakodi baiskeli karibu na lango na kulala kambini usiku huo. Wapo wanaofanya hivyo bila mwenzi, na hao ndio tuliowakusudia katika makala haya.

Aendaye peke yake hana shahidi. Breki zikikatika, hakuna wa kueleza baiskeli ilikuwa katika hali gani ilipokodiwa. Akidaiwa fedha zaidi, hakuna aliyesikia mapatano. Akichelewa kurudi, hakuna anayejua alielekea wapi. Kwa sababu hiyo tunamshauri ajiwekee ushahidi wake mwenyewe kabla ya kuanza safari.

Malipo ya hifadhi

Kiingilio na ada ya kupiga kambi ni malipo mawili tofauti, na viwango vya raia, mkazi na mgeni kutoka nje havilingani. Malipo haya hufanywa kwa njia ya kidijitali. Mtu akikuomba umpe fedha mkononi ili akupitishe bila risiti, kataa. Soma risiti yako papo hapo: je, inaonyesha tarehe sahihi, idadi ya siku na ada ya kambi? Hifadhi nakala yake katika simu, kisha mtumie ndugu au rafiki nakala nyingine.

Kukodi baiskeli

Baiskeli nyingi hukodishwa na watu binafsi walio kando ya barabara na karibu na Lango la Elsa. Kutoka langoni hadi kwenye korongo ni kilomita 8 hivi za barabara ya vumbi, na utahitaji kurudi umbali huo huo. Kabla ya kulipa, bana breki zote mbili huku ukiisukuma baiskeli mbele. Kagua tairi, cheni, pedeli na usukani. Kisha iendeshe hatua chache. Omba helmeti, pampu na zana za kuziba pancha. Piga picha za baiskeli pande zote, hasa palipokwaruzika au kupinda.

Mpiga kambi ana jambo moja la ziada la kuuliza. Bei anayotajiwa huenda ni ya kutwa, ilhali yeye atakaa na baiskeli hadi kesho yake. Usipolitaja hilo mapema, unaweza kudaiwa malipo ya siku mbili. Mtumie mwenye baiskeli ujumbe mfupi wa simu unaotaja bei, saa ya kurudisha, kiasi cha amana na nani atagharamia pancha, naye akujibu kwamba amekubali. Ujumbe huo ndio mkataba wenu. Usiache kitambulisho chako halisi kama rehani.

Sheria inasema nini

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora wa kuridhisha, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na usalama wake, na kulipwa fidia kwa hasara au jeraha litokanalo na kasoro. Haki hizi zinamhusu mtoa huduma binafsi na taasisi ya umma vilevile. Baadhi ya wakodishaji huandika kwamba mteja anapanda kwa hatari yake mwenyewe. Maneno hayo hayampi mtu ruhusa ya kukodisha baiskeli isiyo na breki.

Usalama wako

Haki ya fidia haimrudishi aliyepoteza maisha. Mwaka 2012, na tena mwaka 2019, mafuriko ya ghafla yaliua wageni waliokuwa ndani ya korongo. Mvua inayonyesha mbali huweza kuleta maji humo hata kama anga iliyo juu yako ni safi. Uliza hali ya korongo langoni, usiingie bila mwelekezi, na askari wa hifadhi wakisema limefungwa, tii, hata kama umesafiri kutwa nzima kulifikia. Kabla hujamlipa mwelekezi, patana naye kama atakurudishia fedha endapo litafungwa.

Ukiwaona nyati, simama mbali na usubiri waondoke. Usiache chakula wazi hemani, kwa maana nyani hukifuata. Mwambie mtu wa nyumbani jina la kambi yako na saa utakayompigia. Asipokusikia, aulize langoni.

Ukipata hasara

Mweleze mtoa huduma kwa maandishi, ukiambatanisha picha, risiti na ujumbe mliopatana, na umpe muda wa kujibu. Asiporidhia, leta malalamiko yako kwetu. Unaweza pia kwenda katika Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1.

Unaporudisha baiskeli, ikague pamoja na mwenyewe, piga picha za mwisho, na upokee amana yako kabla ya kuondoka langoni. Ukishafika nyumbani, deni la kikwaruzo ambacho hukukifanya ni gumu kulikanusha bila picha hizo.