Maneno ya Ujenzi Katika Hati za Chama



Chama cha msingi kinapoamua kujenga ghala la pamba, aghalabu mkutano hujadili fedha kwa saa nyingi na maneno ya mkataba kwa dakika chache. Kumbe fedha hupotelea ndani ya maneno hayo. Fundi husema "tripu tano za mchanga", katibu huandika hivyo hivyo, na hakuna aulizaye tripu hiyo ni ya gari gani. Tripu si kipimo. Pimeni bodi ya gari kwa mita: urefu mara upana mara kina cha mchanga. Gari la mita 3 kwa 2, lililojazwa kina cha nusu mita, limeleta mita za ujazo 3, na hizo ndizo za kuandikwa.

Msingi hutegemea udongo, na hapa lugha ya Kisukuma inatusaidia kuliko vitabu vingi. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni. Hufura wakati wa mvua, hupasuka wakati wa kiangazi, na ukuta ulio juu yake hupasuka nao. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinuko, nao hautikisiki namna hiyo. Mkataba unaosema "msingi wa futi mbili" bila kutaja udongo haujasema lolote. Ghala lijengwe kwenye luseni. Iwapo kiwanja ni cha mbuga tu, hapana budi mtaro uchimbwe mpaka uvuke udongo mweusi na kufikia tabaka gumu, na wajumbe wa Bodi wapime kina hicho kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Neno "tofali" nalo lina maana tatu: tofali bichi, tofali la kuchoma na tofali la saruji. Bei zake ni mbali mbali, hivyo litajwe kwa jina lake kamili. La kuchoma hula kuni nyingi, na sisi wa Shinyanga, ambako kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ilianza mwaka 1986 ili kurudisha miti na ngitili, tusiwashe tanuri bila kuuliza kuni zimetoka wapi.

Sasa zege, ambamo mkaguzi hukuta mashaka mengi zaidi. Saruji ni unga wa mfukoni. Zege ni saruji, mchanga, kokoto na maji vilivyochanganywa. Kipimo cha 1:2:4 maana yake ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi. Basi kwa kila mfuko ziende ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. Fundi apimaye kwa koleo hapimi.

Mita moja ya ujazo ya zege hilo hula mifuko sita na nusu hivi. Jamvi, yaani sakafu ya zege, la mita 10 kwa 6 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 6. Litakula mifuko 40 hivi. Hati ya malipo ikionyesha mifuko 70, katibu aulize. Ikionyesha 20, aulize kwa nguvu zaidi, maana jamvi hilo litavunjika chini ya marobota. Zege limwagiliwe maji kwa siku saba. Gharama ya maji hayo iwemo katika makisio.

Vyama vya Geita vijihadhari na mchanga wa marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kuoshwa dhahabu. Ni laini mno kwa zege, na palipotumika zebaki, zebaki hubaki humo. Ubure wake usiwavute.

Mwisho ni bati. Hapa namba huenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Stakabadhi itaje geji, urefu wa bati na idadi. Ile inayosema "bati 60" tu irudishwe dukani kabla ya malipo.